Supachaja ya umeme: kabla ya kuuliza bei, uliza wati

Mpwa wangu amenunua Toyota IST, na kama kijana yeyote mwenye gari lake la kwanza, ana maswali mengi kuliko hela ya mafuta. Juzi alinitumia tangazo kwenye WhatsApp: kidude cheusi cha plastiki chenye feni ndani, mdomo wa bomba kila upande, na waya mbili, nyekundu na nyeusi. Maelezo yake yalikuwa matamu. Supachaja ya umeme, unaifunga mwenyewe kwenye bomba la hewa, injini inapata nguvu zaidi na wakati huohuo inakula mafuta kidogo. Bei haifiki ya tairi moja jipya.

"Anko shikamoo. Hii kitu ni ya kweli au wananipiga?"

Nilimjibu kwa sentensi moja: umeme unaweza kabisa kuiongezea injini nguvu, ila hiyo feni haiwezi. Hakuridhika. Alikuwa ameshaangalia video za Audi na Mercedes zenye supachaja ya umeme kutoka kiwandani. "Sasa Anko, kama Wajerumani wanafanya, mimi kwa nini nisifanye?"

Swali ni zuri kuliko anavyodhani, na wengi wanaolijibu mtandaoni wanalijibu vibaya, wa upande wa ndiyo na wa upande wa hapana. Kwa hiyo nimekaa nimeandika jibu refu. Lina hesabu ndani yake, na hesabu hizo sitaziombea radhi, maana biashara ya vidude hivi inastawi palepale ambapo mnunuzi hajashika kalamu.

Injini inavuta hewa kiasi gani

Tuanze na IST yenyewe. Injini yake ni ile 1NZ-FE tuliyoizoea, ya cc 1,497, ileile iliyomo kwenye Vitz na Corolla kibao. Japani walitangaza kwamba inatoa nguvu za farasi 109, yaani kilowati 80, ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika.

Kila silinda huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili ya krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Maana yake injini nzima inameza lita moja na nusu kila mizunguko miwili. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika hilo linatokea mara 50 kwa sekunde, na jumla ni lita 75 za hewa kwa sekunde moja. Silinda hazijai sawasawa wakati injini inakimbia namna hiyo, basi tuseme zinajaa kwa asilimia 85. Tunabaki na lita 64 hivi kila sekunde. Kwa hewa ya Dar es Salaam hizo ni gramu sabini na kitu za hewa, na kompyuta ya injini inazipimia kama gramu 6 za petroli ili moto uwake vizuri.

Hapo ndipo penye siri yote. Nguvu inatoka kwenye petroli, na petroli ni rahisi kuongeza: nozeli zinafunguka muda mrefu zaidi kidogo, basi. Kinachokataa kuongezeka ni hewa. Injini isiyo na turbo inategemea uzito wa anga tu kuisukumia hewa ndani ya silinda, na uzito huo una kikomo chake, kilopaskali 101 usawa wa bahari. Ukitaka kuchoma petroli nyingi zaidi kwenye silinda zilezile, lazima uishindilie hewa kabla haijaingia. Supachaja inaishindilia kwa nguvu ya mkanda kutoka kwenye krenki. Turbo, ambayo Mswisi Alfred Büchi aliiombea hataza mwaka 1905, inaishindilia kwa nguvu ya moshi unaotoka. Na supachaja ya umeme inaishindilia kwa mota.

Angalia neno kushindilia. Kupuliza ni kazi nyingine. Feni ya mezani inasogeza hewa nyingi sana, lakini jaribu kujazia nayo tairi la baiskeli uone. Pampu ya mkono inasogeza hewa kidogo tu, na tairi linajaa.

Feni ya wati mia moja

Sasa tuchukue kile kidude cha kwenye tangazo. Vingi vya namna hii vimezaliwa kama feni za kutolea mvuke wa petroli kwenye chumba cha injini ya boti, halafu vikapewa jina jipya na stika. Waya zake ni za unene wa zile za redio ya gari, na hiyo peke yake inakwambia habari nyingi: waya kama hizo hazibebi umeme mwingi bila kuungua. Tuwe wakarimu, tuseme kinakula wati 100. Feni ndogo ya plastiki yenye mota ya bei rahisi ikigeuza theluthi moja ya umeme huo kuwa kazi halisi kwenye hewa, imejitahidi. Tumebaki na wati 30 na kidogo.

Fizikia hapa haina huruma. Wati za kwenye hewa ni sawa na mgandamizo ulioongezwa ukizidisha kwa hewa inayopita kila sekunde. Gawanya wati 30 kwa lita 64, yaani mita za ujazo 0.064, unapata paskali 470 hivi. Anga inakupa paskali 101,000 bure. Kidude kimeongeza chini ya nusu ya asilimia moja. Kwenye farasi 109 hiyo ni nusu farasi.

Hata tungeamua kudanganyana, tukasema feni haipotezi hata wati moja na zote 100 zinaingia kwenye hewa, tungefika asilimia moja na nusu. Farasi mmoja na nusu hivi. Hakuna dereva duniani anayeusikia huo mguuni, kuwasha kiyoyozi tu kunakula zaidi ya hapo.

Mpwa wangu anasafiri mara kwa mara kwenda Iringa, kwa hiyo nilimgeuzia hesabu iwe ya milima. Unapopanda kutoka baharini, mgandamizo wa anga unapungua karibu paskali 12 kwa kila mita, na huko juu unapungua paskali 10 hivi kwa mita. Paskali 470 za ile feni ni sawa na gari kushuka mita 40 au 45. Anayepanda mlima Kitonga kutoka Mahenge kwenda Ilula anapoteza faida ya feni nzima kabla hajamaliza kona za mwanzo. Na ukifika Iringa mjini, mita 1,500 na ushee juu ya bahari, anga imebaki na kilopaskali 84 hivi. Injini iliyokuwa na farasi 109 Kurasini, pwani ya Dar, pale Iringa ina kama 90. Wakazi wa Nairobi, Mbeya na Eldoret wanaendesha hivyo kila siku bila kujua wamekatwa kiasi gani, mpaka siku wanaposhuka pwani na gari likawa jepesi ghafla, na wao wakaisifu petroli ya Mombasa.

Huu upungufu wa milimani si hadithi ya pembeni, maana ndio uliosukuma teknolojia yenyewe. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric aliipakia injini ya ndege aina ya Liberty kwenye lori na kuipandisha hadi kileleni Pikes Peak kule Colorado, zaidi ya mita 4,300. Injini iliyokuwa ikitoa karibu farasi 350 huku chini, kule juu ilitoa 230 tu. Ilipofungwa turbo ikatoa 356. Kwa maneno mengine, alichofanya Moss ni kuirudisha injini usawa wa bahari ikiwa ingali mlimani. Na hicho kidude cha plastiki kinaweza kuirudisha mita arobaini.

Kushindilia kwa kweli kunagharimu nini

Basi tuseme mpwa wangu amekataa utani, anataka supachaja ya umeme ya kweli kwenye IST. Anataka nusu baa, yaani nusu ya mgandamizo wa anga juu ya ule uliopo, ongezeko la kawaida kabisa ambalo turbo ndogo ya kiwandani inalitoa bila jasho.

Kushindilia hewa kunaipasha moto. Kwa kompresa nzuri yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa ya nyuzi 30 itatoka ikiwa na nyuzi 80 na zaidi. Kazi ya kufanya hivyo kwa kiasi cha hewa ambacho injini itahitaji, karibu gramu 100 kwa sekunde, ni kilowati 5 na ushee. Ukihesabu na hasara za mota yenyewe unafika kilowati 6. Si wati 100, ni wati 6,000.

Umeme wa gari ni wa volti 14 injini ikiwa inawaka. Gawanya. Unapata ampea zaidi ya 400. Alternata, ile jenereta inayozungushwa na injini, kwa gari la daraja hili inatoa ampea 70 hadi 100, na hizo tayari zina wenyewe: taa, pampu ya mafuta, plagi, nozeli, feni ya rejeta, redio. Stata, ambayo ndiyo mla umeme mkubwa kuliko wote kwenye gari, inakula chini ya nusu ya ampea hizo, tena kwa sekunde mbili tatu, na bado taa zinafifia wakati inazungusha. Tunachozungumzia ni mota yenye nguvu kuliko stata mara kadhaa, izunguke kila unapokanyaga mafuta.

Ukifika hapa kwenye vijiwe vya mafundi, lazima atatokea mmoja aseme: "Hata ukipata umeme huo, alternata itaunyang'anya injini nguvu zilezile, kwa hiyo huna ulichopata." Hoja hii inasikika ya kisomi na inapendwa sana. Si kweli.

Tuifuate kwa namba. Alternata ya kawaida inapoteza sana, tuseme inarudisha asilimia 60. Ili upate kilowati 6 za umeme inabidi uichukulie krenki kilowati 10. Lakini hewa iliyoongezeka, hata kabla ya kupozwa, ni zaidi ya robo, na pamoja na petroli yake inaleta kilowati ishirini na kitu juu ya zile 80. Toa kumi, umebaki na faida ya zaidi ya kumi. Supachaja za mkanda zinafanya biashara hiyohiyo tangu miaka ya 1920: zinakopa nguvu kwenye krenki na kurudisha zaidi. Hakuna sheria ya maumbile inayovunjwa, maana nguvu ya ziada haikutoka kwenye hewa wala kwenye betri. Imetoka kwenye petroli ya ziada iliyopata hewa ya kuwakia.

Kutokana na hilo, tangazo linaloahidi nguvu zaidi na mafuta pungufu kwa wakati mmoja linajipinga lenyewe. Ukiwa umekanyaga hadi chini, nguvu zaidi ni mafuta zaidi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima vifaa zaidi ya 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta, na ni vichache sana vilivyoonyesha nafuu yoyote.

Audi walikwepaje

Turudi kwa Wajerumani. Mwaka 2016 Audi walitoa SQ7 TDI, gari la tani mbili na zaidi lenye dizeli ya V8 ya lita 4.0, farasi 435. Lina turbo mbili, na juu ya hizo kuna kompresa ya umeme, ndiyo hiyo supachaja ya umeme, iliyotengenezwa na Valeo wa Ufaransa. Mota yake ina nguvu ya kilowati 7 na inafika mizunguko 70,000 kwa dakika katika muda usiozidi robo sekunde.

Kilowati 7. Ni karibu ileile hesabu tuliyoifanyia IST, na injini ya SQ7 ni kubwa mara mbili na nusu. Inatoshaje?

Inatosha kwa sababu hawaitumii pale ambapo mpwa wangu anataka kuitumia. Injini ya lita 4 ikiwa kwenye mizunguko 1,500 tu inavuta lita 50 kwa sekunde, pungufu ya IST iliyokanyagwa hadi mwisho. Hapo kilowati 7 ni nguvu kubwa. Injini ikishapanda, moshi unakuwa mwingi, turbo zinaamka na kushika kazi, na kompresa ya umeme inafungiwa nje: hewa inapita njia ya pembeni kama vile haipo. Kazi yake ni kuziba lile pengo la sekunde moja au mbili ambalo kila aliyewahi kuendesha dizeli ya turbo analijua, unakanyaga ukitaka kuovateki lori, gari linafikiria kwanza, halafu ndipo linaondoka. Matokeo yake ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 900 kuanzia mizunguko 1,000, karibu na pale injini inapozunguka bila kukanyagwa. Namba ile ya farasi 435 kwa kiasi kikubwa ni ya turbo. Umeme umenunua wepesi wa kuitika.

Na kuupata umeme huo ilibidi waongeze mfumo wa pili mzima wa volti 48, wenye betri yake ya lithiamu ya wati-saa 470. Sababu ya volti 48 ni ile gawanya ya hapo juu: kilowati 7 kwa volti 48 ni ampea 146, mzigo ambao waya wa unene wa kawaida unaubeba. Kwa volti 12 zingekuwa karibu 600. Inachekesha kwamba betri ya IST, ile ya kawaida ya ampea-saa 45, kwa hesabu tupu ina akiba ya wati-saa 540, zaidi ya ile ya Audi. Lakini betri ya risasi na asidi ukiidai mamia ya ampea inanywea baada ya muda mfupi sana, na ukirudia mchezo huo mara kwa mara inakufa. Ile ya lithiamu inatoa haraka, inapokea haraka, na iko tayari kwa kona inayofuata.

Mercedes walifuata mwaka 2017 na injini yao ya petroli ya silinda sita iliyopangwa mstari mmoja, M256, yenye kompresa ya umeme ya BorgWarner, nayo ya volti 48. Land Rover wakafanya vivyo hivyo kwenye silinda sita yao. Halafu wengine wakaona: kwa nini tuwe na kompresa mbili? Tutie mota ndani ya turbo yenyewe. Mfumo wa Formula 1 wa mwaka 2014 hadi 2025 ulikuwa hivyo, mota kwenye shafti ya turbo, ikiizungusha moshi ukiwa haba na kugeuka jenereta moshi ukizidi. AMG, kitengo cha magari ya kasi cha Mercedes, wakauleta barabarani mwaka 2022 kwenye SL 43 na C 43 kwa mota yenye unene wa sentimita 4 tu, na Porsche 911 GTS ya mwaka 2024 inaivunia turbo yake hadi kilowati 11 za umeme, tena kwa mfumo wa volti 400. Hapo ndipo penye uhondo kwangu. Kompresa ya umeme ya kawaida inakopa tu, lakini turbo ya Porsche inarudisha deni kutokana na moshi ambao ungepotea angani.

Wapo pia watu binafsi, hasa Ulaya na Marekani, wanaouza seti za kweli za kufunga kwenye gari la kawaida. Utazitambua haraka. Zina betri ya lithiamu inayokaa kwenye buti, waya wa unene wa kidole, mota ya kilowati kadhaa, na bei ambayo ukiiona unaanza kuitazama turbo kwa jicho la upole. Zinaongeza nguvu, zimepimwa kwenye mashine za kupimia na zimeongeza. Zinafanya hivyo kwa sekunde chache, halafu zinasubiri betri ijae. Kwa mtu wa mashindano ya mita 400 inaweza kuwa na maana. Kwa Kitonga, ambako unakanyaga dakika kumi na zaidi mfululizo, betri itakuwa imeisha hujafika katikati.

"Lakini mimi nimeisikia"

Mtu aliyefunga kile kidude na akaapa kwamba gari limebadilika si lazima awe mwongo. Seti nyingi zinakuja na chujio la hewa la wazi, na likifungwa injini inanguruma kwa sauti ya kiume zaidi. Sikio linapeleka habari kwa mguu. Isitoshe, fundi akichomoa betri ili aunge zile waya, kompyuta ya injini inasahau yale iliyojifunza, na siku za kwanza gari linaweza kuitika tofauti. Baadhi ya seti zina kirezista kidogo kinachounganishwa kwenye sensa ya joto la hewa ili kompyuta idhani hewa ni ya baridi, imwage petroli zaidi. Hilo si nguvu, ni uongo unaoambiwa mashine, na mwenye gari ndiye anayeulipia kituoni.

Hasara nyingine zinakuja kimyakimya. Feni ikizima au ikiungua inabaki katikati ya njia ya hewa kama kizuizi. Plastiki yake ikikatika, vipande vinaelekea kwenye injini, kwa sababu huko ndiko hewa inakoelekea. Mtu yeyote aliyewahi kulipia kufungua kichwa cha silinda anajua bei ya kipande kidogo cha kitu kigumu ndani ya silinda.

Na hata ungeipata nusu baa ya kweli, 1NZ ya kawaida inaminya hewa mara 10.5. Hiyo ni injini iliyopangwa kuvuta pumzi yake yenyewe. Ukiishindilia hewa ya moto juu ya hapo, petroli inaanza kulipuka kabla ya wakati wake, injini inagonga, na pistoni zinaumia. Inawezekana kuifanya kwa usahihi. TRD, kitengo cha michezo cha Toyota, waliwahi kuuza Corolla Axio GT yenye 1NZ na turbo, farasi 150. Lakini hao walipanga upya mafuta, muda wa cheche na upozaji, hawakuchomeka bomba wakaenda nyumbani.

Mpwa wangu alisoma yote haya (nilimtumia vipande vipande, vijana hawana subira) akauliza swali la maana kuliko yote: basi afanye nini Kitonga? Nikamwambia alipeleke gari lipimwe mgandamizo wa silinda kwanza, maana IST nyingi zinazoingia hapa zimeshatembea Japani miaka mingi. Fundi alikuta silinda ziko sawa, chujio la hewa limejaa vumbi jekundu, na plagi ambazo sijui mwenye gari wa kwanza alizitoa wapi. Throto, ule mlango wa hewa ya injini, ilikuwa imeganda masizi. Vyote vilisafishwa na kubadilishwa, bado pesa ikabaki ya mafuta. Halafu nikamfundisha kushusha gia mwenyewe kabla ya mlima badala ya kungoja gia ya otomatiki izinduke katikati ya kona, kwa sababu farasi wote 109 wanaishi kule juu kwenye mizunguko 6,000 na kwenye 2,500 hawapo kabisa.

Supachaja za umeme za kweli zitatufikia tu, maana magari yaliyotumika yanafuata njia ileile miaka yote. Mercedes za M256 zimekwisha anza kuzeeka huko Ulaya na Japani, na gari likizeeka huko linapanda meli kuja huku. Rafiki yangu fundi umeme wa magari pale mtaa wa Gerezani, Dar, aliniuliza, akiwa anakagua mchoro wa mfumo huo kwenye simu yake, kama kompresa ile ikifa gari linasimama. Nikamweleza kuhusu ile njia ya pembeni: hewa inaikwepa, turbo inaendelea, taa ya injini inawaka na gari linakuwa zito kuondoka, lakini linakwenda.

"Basi hiyo," akasema, "watakuja wameshaitoa."